Kibiti, mkoani Pwani, 13 Aprili 2017: walipokwisha kuagwa wale askari nane, kilifuata nini?

Korosho Kavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Basi la kwenda kwetu likishapita Jaribu Mpakani huwa naweka simu mfukoni. Si kwamba kuna cha kuona. Mikorosho kushoto, mikorosho kulia, magunia ya mkaa yamesimamishwa kando ya lami, pikipiki imebeba kitanda. Ila ndiyo njia ileile. Alhamisi ya 13 Aprili 2017, kesho yake Ijumaa Kuu, jioni giza linaanza kuingia, gari la polisi lilikuwa linarudi na askari waliotoka kubadilishana lindo. Likamiminiwa risasi. Askari nane wakafa, silaha zikabebwa.

Mwaka ule nilikuwa na kibanda cha chipsi Kibiti, jirani na stendi. Askari wa vizuizi walikuwa wateja wangu. Mmoja tulimwita Mnyalu, yaani mtu wa Iringa, maana kila akifika ni "kamwene" kwanza, salamu ya kwao, hata kwa Wandengereko wa kwetu wasiojua aitikiwe nini. Huyu alikuwa anakula kwa daftari, analipa mwisho wa mwezi. Daftari ninalo mpaka leo: chipsi mayai mbili, soda moja, basi, ukurasa umeishia hapo. Sijui kama alikuwa kwenye gari lile. Majina yalipotoka gazetini ndipo nikagundua kwamba jina lake halisi sijawahi kumuuliza. Huenda alihamishwa. Kibandani hakurudi.

Uzi huu si wa kutafuta nani aliua. Nataka tuongelee kilichokuja baada ya yale majeneza manane kuagwa pale kambi ya polisi Barabara ya Kilwa. Kwa familia zao, kwa askari wenzao, na kwetu tuliobaki kule. Karibuni, matusi acheni mlangoni.

Kitumbua Baridi

Nimeshaweka kiti. Wazee wa Rufiji mko wapi?

Lindo la Nne

Mleta uzi, salaam. Mimi ni mstaafu, miaka 31 ndani ya sare. Cheo nilichotoka nacho hakiwasaidii kitu hapa.

Raia mnakumbuka tukio mojamoja, sisi tunayahesabu yakiwa kwenye mstari. Julai 2015 kituo cha Stakishari, Ukonga: wamevamia usiku, askari wanne wamekufa na raia pia, silaha zimeondoka. Agosti 2016 Mbande, upande wa Mbagala: askari wanne kwenye lindo la benki. Halafu Kibiti, wanane kwa mpigo. Sasa angalieni Mbande na Kibiti. Zote mbili ni saa za kubadilishana lindo. Saa hiyo ni mbaya kuliko zote. Anayetoka amechoka, akili imeshafika nyumbani kabla yake. Anayeingia hajakaa sawa, hajui leo kapita nani. Mko kwenye gari moja, bunduki katikati ya magoti. Na lindo lina ratiba. Ratiba haihitaji jasusi. Muuza karanga akikaa wiki mbili pale anaijua kuliko OCD, mkuu wa polisi wa wilaya.

Baada ya Kibiti, kilichobadilika kwanza kwetu ni midomo. Lindo lilikuwa mahali pa stori: mpira, mikopo, nani kaoa wapi. Ikawa watu wanakaa kimya, mgongo kwa mgongo. Saa ya kubadilishana mnaambiwa dakika za mwisho. Kijana akipata uhamisho wa Pwani, nyumbani wanalia kama wameletewa taarifa ya msiba. Huko juu nako: tarehe 28 Mei, siku 45 baada ya tukio, Rais Magufuli akamtoa IGP Mangu, mkuu wa polisi wa nchi nzima, akamweka Sirro. Rufiji ikafanywa mkoa wa kipolisi, na kamanda wake mwenyewe. Hayo yaliandikwa, mnayajua.

Mazishi mnayaona kwenye taarifa ya habari. Bendera juu ya jeneza, gwaride, risasi hewani, tarumbeta. Nimesimama kwenye magwaride hayo mara nyingi na nawaambia, pale ni pepesi, kuna amri, unafuata amri. Pagumu ni kota, ile saa kabla mke hajaambiwa. Kota nzima inajua isipokuwa yeye. Redio zinazimwa mojamoja, mlango hadi mlango. Watoto wanaitwa ndani. Yeye anatoka nje na mwiko mkononi kuuliza, "Jamani mbona kimya?" Hapo ndipo anamwona kamanda anashuka kwenye gari na shehe au padri nyuma yake.

Bodaboda Mstaafu

Afande shikamoo. Pole kwa wenzako, na hiyo pole inatoka ndani. Sasa nisikilize na mimi.

Nilikuwa napiga kazi Kibiti. Ikatoka amri: Rufiji, Kibiti na Mkuranga, mwisho wa pikipiki saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Pikipiki si yangu, ni ya mtu, hesabu 7,000 kila siku. Na bodaboda wa kule hela yake iko usiku, mabasi ya Lindi na Mtwara yakishusha. Mwenye pikipiki akasema amri haimhusu, yeye anataka hesabu. Wiki ya tatu nikamrudishia chombo chake.

Hilo dogo. Dada yangu alishikwa na uchungu saa 4 usiku, kijiji cha ndani huko. Pikipiki ya jirani ipo uani, mafuta yapo, ufunguo tunao. Tukamweka kwenye baiskeli. Mimi nasukuma, shemeji amemshika mgongo, mama yuko mbele na tochi. Lakini mama hamuliki njia. Anamulika miguu yetu, ili yeyote mwenye bunduki gizani aone ni kandambili na kanga, si watu wa kazi. Na kila hatua chache anasema kwa sauti, "Mgonjwa. Mgonjwa. Mgonjwa huyu." Tumefika hospitali ya Mchukwi saa 8. Mtoto alitoka mzima.

Na msisahau, walioua askari walikuwa wanatuua na sisi. Mwenyekiti wa kijiji anaitwa kwa jina lake nje usiku, akifungua mlango anapigwa risasi. Watendaji hivyohivyo. Mpaka katikati ya mwaka ule waliouawa, raia na askari, walishapita 30. Kwa hiyo ukaishi hivi: mchana unamwogopa wa kukuuliza umewaficha wapi, usiku unamwogopa wa kukuuliza mchana umesema nini. Vijana wakahama. Ukipita kijiji unakuta wazee na watoto, kama wakati wa vita.

Wengine hawakuhama, walichukuliwa. Kaka wa rafiki yangu, gari lilikuja alfajiri, waliomchukua hawakusema wametoka wapi. Mama yake mpaka leo hajamsomea hitima. Anasema, nimsomee vipi na hakuna aliyeniambia amekufa?

Simba wa Mlimani 88

Kwa hiyo unawaweka askari waliokufa wakilinda nchi mizani moja na wahalifu? Mngewataja wale watu mapema msingepata shida yoyote. Mlikula nao, mkalala nao.

Bodaboda Mstaafu

Mwenyekiti wa kitongoji chetu aliwataja. Tulimzika Jumanne.

Kitumbua Baridi

Simba kunywa maji kwanza mkuu.

Wino Mwekundu

Kwenye hesabu ya kilichofuata, mwekeni na Azory Gwanda. Mwandishi wa kujitegemea, alikuwa anaandikia Mwananchi, maskani yake Kibiti. Nyingi ya habari za mauaji yale mlizosoma mkiwa Dar zilipitia kwa watu kama yeye. Tarehe 21 Novemba 2017 watu walimfuata na gari, wakampitisha shambani kwa mke wake, akamwambia anapata safari ya ghafla, atarudi kesho. Hajaonekana tena. Julai 2019 Profesa Kabudi, akiwa waziri wa mambo ya nje, akaiambia BBC kwamba alitoweka na kufa. Baadaye ukatoka ufafanuzi kwamba hakumaanisha hivyo. Sasa familia ishike lipi?

Mnaona tunavyojenga habari hii kwa daftari la chipsi na kumbukumbu za bodaboda? Si kwamba tumekosa wa kuandika.

Lindo la Nne

Bodaboda, marahaba mwanangu. Sitakubishia yote na sitakubali yote. Walioondoka na kaka wa rafiki yako siwajui, na sitamtetea mtu nisiyemjua.

Nitasema ninalolijua. Askari aliyezika mwenzake jana usimpeleke doria kesho kwenye kijiji kilekile. Atamwona adui kwa kila anayekimbia, na kijijini watu wakiona gari lenu wanakimbia, mkosaji na asiye mkosaji. Tulikuwa tunapewa siku ya kuzika na siku ya kuripoti kazini. Wa kukuuliza unalala vipi, hayupo. Mimi mshauri wangu alikuwa chupa ndogo kwenye droo ya chini, chini ya majalada. Mke wangu alikuja kuigundua nimeshastaafu. Kuna siku nilimweleza mkubwa wangu mmoja jambo hili, akasema liandike. Nikaliandika. Likawa limeandikwa.

Na Simba, usitusemee. Wale nane nilikuwa nawafahamu wawili. Hakuna aliyekuwa anataka mtu asukumwe kwenye baiskeli na uchungu kwa ajili yake.

Mama wa Kota

Assalaam aleykum. Nimesoma siku tatu nikiwa kimya, leo naandika humu kwa mara ya kwanza, mnisamehe nikikosea utaratibu.

Mume wangu hakufia Kibiti. Alikuwa koplo, mkoa siutaji. Alipigwa risasi akifukuza majambazi waliotoka kuvunja duka, akafia njiani kwenda hospitali. Afande, hilo la redio kuzimwa umelisema kweli. Kwangu mimi ilikuwa kinu. Jirani alikuwa anatwanga kisamvu, akaacha katikati. Nikawa nasubiri aendelee.

Msiba ulihudumiwa, siwezi kusema uongo. Jeneza, magari, sufuria, vyote. Wenzake walichanga, rambirambi ikaja kwenye bahasha pamoja na daftari la majina na kila mmoja katoa kiasi gani. Wiki mbili nyumba imejaa. Kisha wakaanza kuja watu wa makaratasi.

Nilikuwa eda, miezi minne na siku kumi. Kikao cha ukoo kikakaa, kikamteua shemeji yangu awe msimamizi wa mirathi, kwa sababu mimi nisingeweza kwenda huku na huku. Shemeji mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini tangu siku ile kila kitu cha mume wangu nikawa nakisikia kwa mdomo wa mtu. Mshahara ulikatika. Mafao yanasubiri barua ya mahakama. Mahakama inasubiri cheti cha kifo. Cheti kikaja, jina lake la pili wameliandika kwa TH, na kwenye ajira yake liko kwa S. Miezi mitano imekwenda hapo, kwenye TH na S. Alikuwa anaitikia yote mawili.

Kota tulipewa miezi mitatu. Aliyeleta barua alishakula Idi kwangu mara nyingi. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Alisimama mlangoni akaisoma yote kwa sauti, kama vile mimi sijui kusoma, kumbe ni yeye hakujua afanye nini na macho.

Kabla hatujahama akaja mtu wa stoo na orodha. Vitu vya serikali vinarudi. Tukaviweka juu ya mkeka: kombati jozi mbili, buti, mkanda, kofia, koti la mvua, kirungu. Yeye anaweka tiki. Akafika kwenye firimbi, haipo. Tukatafuta kabatini, tukatafuta chini ya kitanda. Mimi nilijua ilipo. Mwanangu alikuwa na miaka sita, amekaa kizingitini, ameivaa ndani ya shati, na ile kamba yake imechomoza shingoni. Mtu wa stoo akaiona. Akairudia karatasi yake, akaiinamia muda mrefu. Halafu akaandika "ilipotea kazini", akanipa kalamu nisaini.

Tangu mume wangu afe, hiyo ndiyo saini ya kwanza niliyoiweka kwa mkono wangu.

Korosho Kavu

Shikamoo mama. Pole sana. Karibu jamvini, hujakosea utaratibu wowote.

Karani wa Masjala

Pole mama. Nimekaa masjala ya mahakama ya mwanzo miaka kadhaa, na mafaili ya wajane wa askari nimeyashika. Niseme mawili matatu kwa walio njiani, maana haya hayasemwi matangani.

Sheria haimkatazi mjane kuwa msimamizi wa mirathi, na wanaweza kuteuliwa wawili, mjane na shemeji, wote wakasaini. Muhtasari wa kikao cha ukoo unasaidia sana, ila ukoo unapendekeza tu, anayeteua ni mahakama. Maombi ni fomu namba I, tangazo linabandikwa, asiyekubaliana anapata nafasi ya kupinga. Akiteuliwa anapewa fomu namba IV. Hapo ndugu wengi wanashangilia wakidhani kazi imeisha. Haijaisha! Ndani ya miezi minne anatakiwa arudishe fomu V, orodha ya mali na madeni ya marehemu, halafu fomu VI, hesabu ya alivyogawa. Msimamizi si mrithi. Hili kama ningekuwa na uwezo ningelichora ukutani.

Majina yakitofautiana, hati ya kiapo iandaliwe mapema, kabla dirisha la kwanza halijakurudisha. Na wenye mafaili ya zamani: askari waliofariki 2017 mafao yao yalikuwa mfuko wa pensheni wa PSPF. Mwaka 2018 mifuko ikaunganishwa ikawa PSSSF. Ukienda kufuatilia beba namba zote, ya zamani na mpya.

Mtu wa Nakuru

Poleni ndugu zetu wa Tanzania, nasoma nikiwa huku Kenya. Kwetu tukio kama hilo ni la Baragoi, kaskazini mwa nchi. Novemba 2012 polisi 42 waliuawa katika bonde la Suguta, walikuwa wameenda kurudisha mifugo iliyoibwa. Wengi walikuwa vijana waliotoka tu chuoni. Miili ilikaa bondeni kwa jua siku kadhaa kabla ya wote kutolewa. Kuna mama hapa mtaani kwetu, kila wakitangaza usajili wa polisi kwa redio yeye hubadilisha stesheni.

Halafu ikaja Haiti. Polisi wetu walianza kwenda huko kupambana na magenge Juni 2024. Februari 2025 wa kwanza akapigwa risasi akafa, mwili ukarudi, akazikwa kwao. Mwezi uliofuata mwingine akatoweka baada ya kuviziwa, na familia ikakaa miezi bila mwili wa kuzika. Huyo mama wa hitima aliyetajwa hapo juu, hata huku yuko.

Simba wa Mlimani 88

Msimamo wangu kuhusu wauaji uko palepale. Ila ya mwenyekiti wa kitongoji sikuijua.

Bodaboda Mstaafu

Sawa mkuu.

Mama wa Kota, shikamoo. Ya firimbi nimeisoma mara mbili, nikamsomea na mke wangu. Yule mtoto wa dada yangu, wa ile safari ya baiskeli, anasema akikua anataka kuwa trafiki. Amejikatia makaratasi anaandikia baiskeli za wenzake faini. Bibi yake hataki hata kusikia.

Mama wa Kota

Marahaba baba. Mwambieni bibi amwache tu acheze.

Mtoto wa Sajenti

Karani, samahani nichomekee swali langu. Baba alifariki kazini 2019. Msimamizi ni baba mdogo. Hiyo fomu V leo ndiyo naisikia, sidhani kama alipeleka, na nyumba moja ameipangisha kodi anachukua yeye. Nikimshtaki ukoo utanitenga na bado nina wadogo zangu wanakaa kwake. Nifanyeje?

Karani wa Masjala

Huna haja ya kumshtaki. Nenda mahakama ileile iliyomteua, andika barua kwa hakimu, eleza kwamba msimamizi hajarudisha fomu V wala VI. Atakayemwita ni mahakama, si wewe. Akiendelea kukaidi mahakama inaweza kumwondoa na kuteua mwingine. Unahitaji namba ya shauri la mirathi, iko juu kwenye fomu IV.

Mtoto wa Sajenti

Fomu IV anayo yeye.

Karani wa Masjala

Basi masjala watatafuta kwa jina la marehemu na mwaka. Wape jina kama lilivyoandikwa kwenye cheti cha kifo, na kama kwenye ajira lilikuwa tofauti wape na hilo. Nenda asubuhi, saa 2 uwe dirishani, kabla mashauri hayajaanza kuitwa.

Mtoto wa Sajenti

Jumatatu niko pale.

Mama wa Kota

Baba, hiyo barua toa nakala tatu. Watakwambia mbili zinatosha, usiwasikilize.